Moto umedhibitiwa kwa asilimia ngapi, na asilimia ya nini?

Nilifundisha hesabu katika shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na kosa lililonichosha kuliko yote kwenye karatasi za mitihani lilikuwa hili: mtoto anaandika "asilimia 80" halafu anaweka kalamu chini. Asilimia 80 ya nini? Ya machungwa, ya shilingi, ya wanafunzi? Asiposema, hapati alama. Kwa hiyo mniwie radhi nikizisoma taarifa za moto kwa jicho lile lile. Kiangazi kikiwa kirefu na mlima ukawaka, tunasikia redioni kwamba moto umedhibitiwa kwa asilimia kubwa, kwamba juhudi zinaendelea, kwamba wananchi wasiwe na hofu. Mimi naishi chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Marangu, na hofu sina. Ninachodai ni jibu kamili.

Wenzetu wanaopambana na moto kichaa katika nchi zenye vikosi vikubwa wana namna yao ya kuipata asilimia hiyo. Wanachukua mzingo wa eneo linaloungua, yaani mstari wote unaolizunguka, kisha wanapima ni sehemu gani ya mzingo huo imeshapata kizuizi wanachokiamini: ukanda uliofyekwa na kulimwa hadi udongo mtupu, mto, barabara, mwamba, au mahali palipokwisha kuungua pakapoa. Mzingo ukiwa wa kilomita 40, na kilomita 20 zikawa zimezuiwa, moto huo umedhibitiwa kwa asilimia 50. Ndani ya mzingo unaweza ukawa unaendelea kuwaka barabara. Tena nusu iliyobaki yaweza kuwa ndiyo hiyo inayotazama kijijini kwenu. Hesabu yenyewe haina uongo. Ila ilitungwa kwa ajili ya mkuu wa kikosi, ajue amebakiza kazi kiasi gani. Mama mwenye watoto watatu hawezi kuitumia kuamua kama alale au afunge mizigo.

Na hata asilimia 100 si ahadi. Tarehe 8 Agosti 2023, katika mji wa Lahaina, kisiwani Maui, Hawaii, nyaya za umeme zilianguka kwa upepo mkali zikawasha majani makavu. Ilikuwa yapata saa 12 na nusu asubuhi. Zimamoto wakafika, wakazima, na kabla ya saa 3 serikali ya kaunti ikautangazia umma kwamba moto ule umedhibitiwa kwa asilimia 100. Watu waliokuwa wamehamishwa wakarudi. Askari wa zimamoto wakabaki pale kwa saa kadhaa, wakimwaga maji na kukagua, na saa 8 mchana ilipopita kidogo wakaondoka wakiwa wameridhika. Haikufika saa 9, moshi ukaonekana tena mahali pale pale. Upepo ulikuwa umeongezeka, kwani kimbunga Dora kilikuwa kikipita kusini ya visiwa, na safari hii moto haukusubiri mtu. Walikufa watu 102. Uchunguzi uliotolewa mwaka uliofuata ulithibitisha kwamba hapakuwa na moto wa pili: wa mchana ulikuwa ni ule ule wa asubuhi, uliojificha ukafufuka.

Lipo jingine katika kisa hicho ambalo huwa nawaeleza wenzangu kila wanapolalamika kwamba sisi ni maskini, hatuna mitambo. Hawaii ina ving'ora vya nje vipatavyo 400, na 80 kati ya hivyo viko Maui. Siku ile hakikulia hata kimoja. Afisa aliyehusika alieleza baadaye kwamba watu wamezoea kukisikia king'ora kama onyo la tsunami, na kwa kuwa tsunami hukimbiwa kwa kupanda mlima, aliogopa wangepanda kuelekea kwenye moto. Akajiuzulu. Umeme ulikuwa umekatika, simu hazishiki, na wengi walijua kuna moto walipouona dirishani. Mitambo ilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano ya mapema kati ya wanaojua na wanaotakiwa kujua: kikilia hivi maana yake nini, na nikisikia niende wapi.

Siutaji mji wa Lahaina kwa sababu Maui inafanana na Kilimanjaro. Haifanani. Kule moto ulishuka kwenye nyasi kavu mpaka mlangoni mwa watu. Huku kwetu, kati ya vihamba vyetu, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na nyika ya juu, upo ukanda mpana wa msitu wa mvua, mbichi, wenye ukungu na kuvu, na mara nyingi moto unaoanzia juu hufia hapo. Jamaa zangu wa Dar es Salaam hunipigia simu kila mlima unapowaka, "Shikamoo mama, nyumba imepona?" Nawajibu kwamba nyumba haikuwa hatarini. Waliokuwa hatarini ni vijana waliotoka katika nyumba hiyo wakapanda.

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, mahali wanapopumzika wageni wanaotoka kambi ya Mandara kwenda ya Horombo. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilisema dalili za awali zilionyesha kwamba ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Usiku moto ulionekana mpaka mjini Moshi. Watu wapatao 500 walipanda kuuzima: askari wa uhifadhi, zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, na wanakijiji. Ulipokuja kuisha, zaidi ya kilomita za mraba 90 zilikuwa zimeungua. Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 21 Oktoba 2022, ukawaka tena upande wa kusini, karibu na kambi ya Karanga, kwenye mwinuko unaokaribia mita 4,000. Safari hiyo hata wanajeshi walipelekwa.

Msomaji wa bondeni aelewe huko juu kukoje. Ukipiga 114 watakupokea, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linafanya kazi yake, lakini gari lenye tangi la maji linaishia barabara inapoishia. Helikopta nayo hewa nyepesi inaipunguzia nguvu. Maji inayoweza kuyabeba juu ya bahari haiwezi kuyabeba juu ya Horombo. Kwa hiyo moto wa Kilimanjaro, kwa sehemu kubwa, unazimwa kwa miguu, panga, jembe, reki na matawi mabichi. Mnafyeka ukanda, mnauchimba mpaka udongo mtupu, mnausubiri moto pale, ukifika mnaupiga. Vichaka na miti ya erika iliyotanda juu ya msitu inawaka hata ikiwa mibichi. Mchana upepo unapanda mlima, na moto unakwenda nao. Jua likizama upepo unageuka, unashuka, na mtu aliyekuwa amekaa salama chini ya moto saa 10 jioni anajikuta saa 2 usiku moto unamjia.

Halafu kuna udongo wenyewe. Huko juu mabaki ya mimea hayaozi upesi kwa sababu ya baridi, yanarundikana miaka na miaka, na udongo unakuwa mweusi, mwepesi, umejaa mizizi. Udongo huo unaungua. Moto unazama chini, unatambaa kwenye mizizi bila mwali wala moshi wa kutosha kuonekana kwa mbali, unakaa humo kwa siku kadhaa, kisha unaibukia upande wa pili wa ukanda mlioufyeka kwa jasho. Wazima moto wenye uzoefu huvua glavu na kupapasa majivu kwa mgongo wa mkono, hatua kwa hatua, wakitafuta joto. Ni kazi ya kuchosha na haina picha nzuri ya kuonyesha kwenye taarifa ya habari, na ndiyo inayofanya moto uishe kweli. Kila nikisikia kiongozi anatangaza kwamba moto umezimwa wote, huwa natamani mwandishi amuulize: mmeshapapasa?

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa miongoni mwa waliopanda mwaka 2020. Anafanya kazi ya upagazi, na mwaka ule, kwa korona, watalii walikuwa wachache, kwa hiyo alikuwa nyumbani. Alipanda na raba za kawaida, suruali ya jinzi na koti aliloachiwa na mgeni. Aliporudi soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imeyeyuka ikajikunja, macho mekundu, na anakohoa kikohozi kilichokaa naye mpaka Krismasi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mlikuwa wangapi?"

"Wengi. Sijui. Wengine walishuka usiku kwa baridi."

"Nani aliandika majina?"

Akanitazama kama vile nimemuuliza swali la darasa la saba.

Sitataja nani aliwapandisha, maana hilo silo ninalolipigania, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Moto unawaka, mtu anapiga mbiu, vijana wanakuja, gari linajazwa, wanakwenda. Ndivyo msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ulivyo, na bila moyo huo mlima ungekuwa upara. Lakini fikirini. Darasa la watoto 40 linaitwa majina asubuhi, na likipelekwa kuangalia kiwanda linaitwa majina kwenye basi, kiwandani, na kwenye basi tena. Mamia ya watu wanapelekwa mita 3,500 juu, gizani, kwenye moshi, baridi inayokaribia kugandisha maji, hewa isiyotosha mapafu ya mtu aliyepanda kwa kukimbia bila kuzoea, na hakuna daftari. Kijana mmoja akipotelea korongoni, atagunduliwa lini? Mama yake atakapouliza.

Baridi ni jambo ambalo watu hawalitegemei wanapozungumza habari ya moto. Mtu anafanya kazi ya moto mchana kutwa, nguo zinalowa jasho, usiku unaingia, hana blanketi, hana chai, na moto wenyewe umemsogelea upande mmoja tu. Wageni wanaopanda kwa starehe wanaambiwa waende polepole, wanywe maji ya kutosha, wakiumwa kichwa na kutapika washuke mara moja, na wana mwongoza watalii anayewachungulia kila saa. Hayo yote ni sahihi. Nashangaa tu kwamba kijana wetu, anayekwenda juu kule kule kuokoa kinachowaleta wageni hao, haambiwi chochote kati ya hayo.

Na akivunjika mguu? Askari mwajiriwa ana mwajiri, na yumo katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Aliyejitolea hana wa kumdai. Anarudi nyumbani kwa mama mkubwa, na mama mkubwa anatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Sasa niseme habari ya maji, kwa sababu huko nako hesabu haijakamilika. Baada ya kustaafu nilichaguliwa mweka hazina wa jumuiya yetu ya watumia maji. Mvua za vuli zilipoanza baada ya moto ule wa 2020, banio letu lilijaa majivu na matope meusi, maji yakafika bombani yananuka moshi, ikabidi tufunge valvu, tukaosha tangi na kuwalipa vijana wa kusafisha kutoka kwenye fedha tuliyokuwa tumeitenga kwa mabomba. Redioni moto ulikuwa umekwisha wiki nyingi nyuma. Kwenye kitabu changu cha fedha ulikuwa ndio kwanza unaanza. Hakuna aliyetupa taarifa kwamba mteremko wa juu ya chanzo chetu umebaki mtupu, kwamba mvua kubwa ya kwanza itakuja na udongo, kwamba wanaokaa kando ya korongo wakeshe usiku huo. Tungefunga valvu saa sita kabla ya matope, badala ya saa sita baada yake.

Hasara yenyewe ni kubwa kuliko tangi letu. Miti ile ya juu hukamata ukungu. Matone yanaganda kwenye majani na ndevu za miti, yanadondoka, yanaingia ardhini, yanatokea chini kama chemchemi hata mwezi ambao mvua hainyeshi. Ikiungua, ukungu unapita tu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani ambaye ameuchunguza mlima huu kwa miongo kadhaa, aliandika mwaka 2005 kwamba kwa upande wa maji, moto wa misitu ya juu unatuumiza kuliko kuyeyuka kwa barafu ya kilele cha Kibo. Dunia nzima inalia na barafu, inakuja kuipiga picha kabla haijaisha, na chini yake msitu unaopiga kazi hauna wa kuulilia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2016 kwamba tangu 1976 mlima umepoteza hekta 13,000 za msitu, hasa kwa moto, na kwamba maji yaliyopotea kila mwaka kwa sababu hiyo yangetosha kunywewa na watu milioni moja. Anayekaa Arusha Chini kwenye miwa, anayevua bwawa la Nyumba ya Mungu, anayewasha taa kwa umeme wa Hale, wote ni majirani wa moto huo, ingawa wanadhani wako mbali.

Najua nitajibiwa kwamba moto unaanzishwa na wananchi wenyewe: warina asali wanaoacha vienge, wachoma mkaa, wapagazi wasiozima jiko, mtu anayesafisha shamba kwa kiberiti wakati wa upepo. Ni kweli. Hao washtakiwe, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina vifungu vya moto vinavyojitosheleza. Ila anayefikiri kwamba kumkamata mrina asali ni mpango wa usalama amechanganya masomo mawili. Hata Lahaina walijua chanzo.

Wazee wetu walikuwa na nusu maili. Kuanzia mwaka 1941 ukanda wa msitu unaopakana na vihamba uliwekwa kwa matumizi ya wenyeji, kuni, majani ya ng'ombe, miti ya kujengea, na mtu aliyeona moshi kwenye nusu maili aliona moshi kwenye ghala lake. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973 ikiwa juu ya msitu. Mwaka 2005 ikapanuliwa ikachukua msitu wote, nusu maili ikiwemo. Sidai turudishiwe tufyeke. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulionyesha ukataji wa miti wa kutia aibu, na sehemu ya aibu hiyo ni yetu. Lakini tangu hapo mlima umekuwa wa serikali kila siku ya mwaka, isipokuwa siku unapowaka. Siku hiyo unakuwa wetu sote. Kijana anayekamatwa Machi kwa mzigo wa majani ndiye anayeitwa Oktoba apande na panga. Anapanda, kwa sababu mjukuu wa watu walioishi hapa hawezi kukaa kitako akitazama mlima unaungua. Tusiutegemee moyo huo kama vile hauna mwisho.

Fedha? Kila mgeni anayepanda Kilimanjaro analipa, pamoja na ada nyingine, dola 20 za uokoaji kwa safari, ili akiugua aletewe machela. Ni utaratibu mzuri. Wapandaji kwa mwaka ni kama 50,000. Ikiongezwa dola 2 tu kwa kila mmoja kwa ajili ya moto, inapatikana dola 100,000 kila mwaka, na mgeni ambaye amelipa maelfu kufika hapa hataahirisha safari kwa dola 2. Kwa fedha hiyo zinunuliwe buti za ngozi, glavu, makoti, taa za kichwani, barakoa zinazozuia chembe za moshi (kitambaa kilicholoweshwa maji hakizizuii, ingawa kinampa mtu moyo), pampu za kubeba mgongoni, blanketi na masufuria ya chai. Bima ya ajali kwa siku za moto. Vifaa hivyo vihifadhiwe kwenye ofisi za vijiji vilivyo karibu na mageti, si kwenye stoo moja ya mbali ambayo mwenye ufunguo yuko semina.

Afrika Kusini ilianza mwaka 2003 mpango uitwao Working on Fire, ambao unawachukua vijana wasio na ajira, unawafundisha kuzima moto, unawavika na kuwalipa. Leo wako maelfu. Msimu usio na moto wanafyeka njia za kuzuia moto na kuondoa vichaka hatari. Nasi tunao mfuko wa TASAF unaolipa kaya maskini kwa kazi za mikono vijijini, na kila kiangazi tuna njia za moto zinazoota majani mpaka kiunoni kwa sababu hakuna wa kuzifyeka. Kuviunganisha hivi viwili hakuhitaji mtaalamu kutoka nje. Kunahitaji kikao, na watu wa halmashauri na wa hifadhi wakae upande mmoja wa meza.

Mwezi Agosti 2022 shirika la simu, TTCL, lilipeleka intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720, na waziri akapanda kuizindua. Mgeni sasa anaweza kumwonyesha mkewe machweo akiwa juu ya mawingu. Nimefurahi. Basi intaneti hiyo hiyo inaweza kuteremsha kijijini, kila jioni moto unapowaka, ujumbe mmoja ambao mtendaji wa kijiji ataubandika ofisini na kuusoma msikitini, kanisani na kwenye kipaza sauti cha sokoni: moto uko juu ya kitongoji gani na unaelekea wapi kwa upepo wa kesho, mzingo ni kilomita ngapi, zilizozuiwa ngapi, na upande usiozuiwa ni upi, waliopanda leo ni wangapi, walioshuka wangapi, na nani bado yuko juu, vyanzo gani vya maji viko chini ya eneo lililoungua, shule zenye moshi zifungwe au zisifungwe. Nimeiandika mwenyewe kwenye karatasi moja ya kidaftari na nafasi ikabaki. Na taarifa hiyo isikome siku moto unapozimwa. Iendelee mpaka vuli ipite.

Kuna watakaosema kutaja upande usiozuiwa kutawatia watu hofu. Nimeishi na watoto maisha yangu yote ya kazi, na hata mtoto wa darasa la pili anatulia akiambiwa ukweli na kupewa la kufanya. Anayeambiwa tu "msiwe na hofu", huku majivu yanamdondokea kwenye sahani, ndiye anayekimbia ovyo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wakuu wa hifadhi, na kwa wakurugenzi wa halmashauri za Moshi, Rombo, Hai na Siha. Mambo ya fedha yatachukua muda; yana vikao vyake na saini zake. Daftari halina vikao. Kubwa, la kurasa nyingi, lenye jedwali la jina, kitongoji, simu ya ndugu, saa ya kupanda na saa ya kushuka, liwe moja katika kila ofisi ya kijiji kinachopakana na mlima, na asipandishwe mtu ambaye jina lake halimo. Masika yakiisha kiangazi kinaanza Juni, na kufikia Oktoba majani yatakuwa yamekauka. Linunuliwe kabla ya Juni.